Zuhura Mbele ya Jua: Mawingu, Vioo na Ushuhuda wa Watu

Torati haikukubali mtu ahukumiwe kwa neno la shahidi mmoja. Ilitaka wawili au watatu. Anayesoma habari za wanaastronomia wa karne ya 18 na ya 19 atashangaa kuona jinsi watu hao, baadhi yao mapadri na wengine wasiojali sana mambo ya kanisa, walivyoishika kanuni hiyo bila kuitaja. Walitaka kujua Jua liko mbali nasi kiasi gani. Swali hilo halikuweza kujibiwa na mtu mmoja aliyesimama mahali pamoja, hata kama angekuwa na darubini nzuri kuliko zote. Lilihitaji mashahidi waliotawanyika duniani, wote wakitazama jambo moja siku moja. Kisha, kwa kuwa mashahidi ni wanadamu na wanadamu hutofautiana, wakatafuta shahidi asiye mwanadamu: kipande cha kioo kilichopakwa dawa ya fedha. Nataka kusimulia jinsi walivyomtafuta shahidi huyo, na yale ambayo mawingu yaliwatenda.

Jambo lenyewe ni hili. Zuhura, ile nyota ya asubuhi ing'aayo kabla ya mapambazuko, ni sayari inayolizunguka Jua karibu zaidi kuliko sisi. Mara chache sana hupita katikati yetu na Jua kwa mstari ulionyooka. Hapo haing'ai tena. Huonekana kama tundu dogo jeusi, upana wake ukiwa kama sehemu moja ya thelathini ya upana wa Jua, likitambaa polepole kwa muda wa saa sita hivi. Hutokea mara mbili kwa kupishana miaka minane, kisha hakuna tena kwa zaidi ya miaka mia moja: 1631 na 1639, 1761 na 1769, 1874 na 1882, 2004 na 2012. Aliyekosa mara ya pili hawezi kusema atajaribu mwakani.

Mwingereza Edmond Halley ndiye aliyeeleza kwa ukamilifu, mwaka 1716, jinsi ya kuupima umbali wa Jua kwa njia hiyo. Hesabu yake ni ndefu, lakini msingi wake unaweza kuuona hapo ulipoketi. Nyosha mkono, simamisha kidole gumba, ukitazame kwa jicho la kulia, kisha kwa la kushoto. Kidole kinaonekana kuruka mbele ya ukuta. Macho yako mawili ni vituo viwili, kimoja kaskazini na kimoja kusini mwa dunia. Kidole ni Zuhura. Ukuta ni Jua. Ukijua vituo vimeachana kwa kilomita ngapi, na tundu jeusi limeruka kiasi gani, umbali unapatikana. Halley alizaliwa mwaka 1656, akafa mwaka 1742. Alijua wazi kwamba mwaka 1761 hatakuwapo. Aliwaandikia watu ambao wengi wao walikuwa hawajazaliwa, akiwasihi wasiiache nafasi hiyo iwapite.

Lakini aliyetangulia kuiona Zuhura mbele ya Jua, kwa kadiri kumbukumbu zilizoandikwa zinavyoonyesha, ni kijana wa umri wa miaka ishirini hivi, Jeremiah Horrocks, katika kijiji cha Hoole, jimbo la Lancashire, kaskazini mwa Uingereza. Alisahihisha hesabu za Kepler na kugundua kwamba Zuhura itapita tarehe 24 Novemba 1639 kwa kalenda iliyotumika kwao wakati ule, ambayo kwa kalenda yetu ni 4 Desemba. Siku hiyo ilikuwa Jumapili. Horrocks aliielekeza darubini kwenye Jua na kuacha mwanga wake uanguke juu ya karatasi ndani ya chumba chenye giza, ili asiharibu macho. Alitazama tangu macheo hadi saa tatu, akatoka, akarudi kabla ya saa nne hadi adhuhuri, akatazama tena saa saba, mawingu yakija na kuondoka. Kati ya nyakati hizo, aliandika, aliitwa na shughuli kubwa zaidi ambazo haikufaa kuziacha kwa ajili ya mambo ya pembeni. Hakusema ni shughuli gani. Kwa kuwa ilikuwa Jumapili, wasomaji wake tangu zamani wameelewa kwamba ni ibada.

Aliporudi, saa tisa na robo alasiri, mawingu yalikuwa yametawanyika, na juu ya karatasi yake kulikuwa na tundu jeusi, la mviringo kamili, limekwisha kuingia ndani ya Jua. Alibakiwa na nusu saa tu, kwa maana Jua la majira ya baridi kule huzama mapema. Lilizama saa tisa na dakika hamsini. Katika nusu saa hiyo alipima mara tatu. Rafiki yake William Crabtree, aliyekuwa karibu na Manchester, aliliona kwa kitambo kifupi mawingu yalipopasuka, akapigwa na butwaa hata akasahau kupima sawasawa. Hao wawili ndio pekee tunaojua kwamba waliliona. Horrocks alifariki ghafla Januari 1641, siku moja kabla ya safari aliyopanga ya kwenda kuonana na Crabtree. Kitabu chake kilichapwa mwaka 1662, na kibao cha kumkumbuka kikawekwa katika kanisa la Westminster Abbey mwaka 1874. Kwa hiyo kanisa hilo lilimkumbuka baada ya miaka 235, nayo Zuhura ilikuwa inakaribia tena.

Habari za mwaka 1761 na 1769 zimesimuliwa mara nyingi. Mfaransa Guillaume Le Gentil alikwama melini katika Bahari ya Hindi siku ya kwanza, kwa sababu Pondicherry, mji wa India alikokuwa akienda, ulikuwa umetekwa na Waingereza. Anga lilikuwa safi, lakini sitaha ya meli inayoyumba haifai kwa kupima. Akaamua kukaa huku huku, Mauritius na Madagaska na Manila, kungoja miaka minane. Tarehe 4 Juni 1769 alikuwa Pondicherry, kituo chake kimejengwa, saa zake zimerekebishwa. Wingu likaja wakati ule ule, na Jua likatoka baada ya yote kwisha. Manila, alikokuwa ametoka, anga lilikuwa jeupe. Aliporudi Ufaransa mwaka 1771 alikuta amehesabiwa kuwa amekufa, kiti chake katika Akademia kimepewa mtu mwingine, na warithi wanagombania mali yake. Watu humcheka Le Gentil. Mimi huona kwamba anayemcheka hajawahi kungoja kitu kwa miaka minane. Mwenzake, abati Jean Chappe d'Auteroche, aliipata Zuhura yote huko California, akafa kwa maradhi ya kuambukiza chini ya miezi miwili baadaye pamoja na wengi wa msafara wake. Vipimo vyake vilifika Paris bila yeye.

Nataka kukaa kidogo zaidi kwa Padri Maximilian Hell, Mjesuiti, mwanaastronomia wa mfalme huko Vienna. Mfalme wa Denmark alimwalika aende Vardø, kisiwa kidogo kwenye ncha ya kaskazini ya Norwei, ambako mwezi Juni Jua halizami na Zuhura ingeonekana katikati ya usiku. Alisafiri na padri mwingine kijana, János Sajnovics, Mhungaria. Walikaa majira ya baridi yote gizani wakingoja. Katika kungoja huko Sajnovics alisikiliza lugha ya Wasami, wenyeji wa kule, akaona undugu wake na Kihungaria, na mwaka 1770 akachapa kitabu juu ya jambo hilo ambacho wanaisimu wanakiheshimu hadi leo. (Alikwenda kutazama sayari, akarudi na undugu wa mataifa mawili. Sijui kama kuna aliyewahi kuitumia vizuri zaidi baridi ya miezi sita.) Usiku wa tarehe 3 Juni 1769 mawingu ya Vardø yalifunga na kufungua, na yalifungua pale ilipohitajika: mwanzo na mwisho.

Hell alirudi, akachelewa kuchapa vipimo vyake. Watu wakaanza kunong'ona kwamba anangoja aone wenzake wamepata nini ili atengeneze vyake vilingane. Mwaka 1773 shirika lake la Wajesuiti likafutwa na Papa, na hapakuwa na wengi wa kumtetea. Alifariki mwaka 1792. Kisha mwaka 1835, miaka 43 baada ya kufa kwake, mwanaastronomia Littrow wa Vienna akalichunguza daftari lake na kutangaza kwamba tarakimu zimefutwa na kuandikwa upya kwa wino wa rangi nyingine. Jina la padri likawa jina la mwongo katika vitabu vya elimu hiyo. Ikawa hivyo kwa karibu miaka hamsini.

Aliyemtakasa hakuwa padri wala Mkatoliki. Alikuwa Simon Newcomb, Mmarekani, mtu wa hesabu. Mwaka 1883 alikwenda Vienna, akaliomba daftari, akalikagua kwa lenzi. Aliona kwamba masahihisho mengi yalikuwa yamefanywa pale pale, wino ungali mbichi, kwa kalamu mbaya iliyokwama katika karatasi. Na tarakimu ambazo Littrow alizishuku kwa sababu ya rangi ya wino hazikuwa na tofauti ya rangi ambayo Littrow aliieleza. Akauliza habari za Littrow, akaambiwa kwamba marehemu hakuweza kupambanua rangi. Nyota nyekundu na nyeupe kwake zilikuwa sawa. Hivyo mtu asiyeona rangi ndiye aliyemhukumu mwenzake kwa rangi, na hakuna aliyepata kumwuliza. Nimeisoma habari hii mara kadhaa, na kila mara hunijia wazee wa baraza waliomshitaki Susana, mpaka Danieli alipotaka kila mmoja aulizwe peke yake ni chini ya mti gani.

Kwa nini nasimulia haya katika habari ya picha? Kwa sababu ndiyo yaliyowafanya watu wa karne ya 19 waitamani picha. Tatizo halikuwa uongo tu. Hata watu waaminifu waliosimama bega kwa bega mwaka 1769 waliandika nyakati zilizoachana kwa sekunde nyingi. Zuhura inapojitenga na ukingo wa Jua, huonekana kama inavuta tone jeusi nyuma yake, kama tone la asali linalokataa kuachana na kijiko, na hakuna ajuaye kwa hakika ni sekunde ipi limekatika. Jumla ya hesabu za 1769 ilileta umbali wa kilomita milioni 151 hivi, jambo la ajabu kwa zama zile, kwa maana leo tunajua ni karibu milioni 149.6. Lakini wenyewe walijua kwamba ushahidi wao unayumba. Ilipokaribia 1874, kamera ilikuwa imekwisha kuvumbuliwa. Wakasema: sasa tutakuwa na shahidi asiye na jicho la kuchoka, asiye na mkono wa kufuta, asiye na jina la kulinda.

Mpendwa msomaji, leo tunapiga picha kwa simu mfukoni, basi yafaa kueleza kazi ile ilikuwaje. Wamarekani walituma vikosi vinane, vitatu kaskazini na vitano kusini. Kila kikosi kilikuwa na wanaastronomia wawili na wapiga picha watatu. Hawakuielekeza kamera juu angani. Waliweka kioo cha kuakisi kilichozungushwa na mtambo wa saa, nacho kilirusha mwanga wa Jua kupitia lenzi na kuupeleka kwa ulalo mita kumi na mbili hivi, hadi ndani ya nyumba yenye giza, ambako Jua lilichorwa likiwa na upana wa sentimita kumi na kidogo. Mbele ya bamba la kioo waliteremsha waya mwembamba wa fedha wenye uzito chini yake, yaani timazi, ile ile aliyoonyeshwa Amosi, ili kila picha ibebe ndani yake mstari wa kweli wa juu na chini, na mpimaji asiweze kubishana nao baadaye.

Bamba lenyewe lilikuwa kazi ya kukimbizana na wakati. Kioo kilisafishwa, kikamiminiwa kolodioni, ute mzito unaonata, kikatumbukizwa gizani katika maji yenye nitrati ya fedha, kikapelekwa mahali pake kikiwa kibichi, kikapigwa na mwanga kwa kitambo kidogo kuliko kufumba na kufumbua, kikarudishwa kuoshwa kwa dawa. Yote hayo kwa dakika chache, kwa maana kikikauka hakifai tena. Sasa fikiri siku ya mawingu. Mtu mmoja amesimama nje akitazama mwanya ukikaribia Jua. Wa ndani ameshika bamba bichi. Akilitoa mapema mno, wingu halijapita na bamba linakauka. Akichelewa, mwanya umefunga. Hawezi kuandaa mabamba kumi na kuyaweka akiba. Waingereza walitumia mabamba makavu, yaliyoandaliwa kabla, na hilo liliwapunguzia mbio, ingawa halikuwapunguzia mawingu.

Tena kuna jambo ambalo ramani haionyeshi. Hesabu ilidai vituo vya mbali kusini, na kusini mwa Bahari ya Hindi nchi kavu ni haba. Kikosi kimoja cha Wamarekani kilipangiwa visiwa vya Crozet. Meli yao, Swatara, ilifika, ikakuta bahari na hewa mbaya hata haikuwezekana kuteremsha watu, ikaendelea na safari. Kikosi kikaishia kufunga vyombo vyake Tasmania. Waliobaki waliangukia Kerguelen, karibu nyuzi 49 kusini ya ikweta, kisiwa kisicho na mti hata mmoja. James Cook alipopita pale mwaka 1776 alikiita Kisiwa cha Ukiwa. Mwaka 1874 walifika humo Waingereza, Wamarekani na Wajerumani, si kwa kuwa anga lake ni zuri, bali kwa kuwa kilikuwa mahali panapotakiwa na hesabu. Bidii ya namna hii huipenda. Mhubiri anamsema mtu anayekaa kuyaangalia mawingu, asivune. Hawa waliyajua mawingu ya Kerguelen kabla ya kuondoka kwao, wakaondoka.

Mkuu wa kikosi cha Waingereza alikuwa padri, Stephen Perry, Mjesuiti, aliyezaliwa London mwaka 1833 na kusimamia kituo cha kuangalia nyota cha Stonyhurst, katika jimbo lile lile la Lancashire la kijana Horrocks. Aliteswa sana na kichefuchefu cha bahari. Katika maisha yake alisafiri baharini mara nyingi kuliko mabaharia wengine, na hakuizoea. Pamoja naye alikuwako padri mwenzake wa Stonyhurst, Walter Sidgreaves. Perry hakuwa mtu wa kuweka yai lake lote katika kikapu kimoja: aliweka vituo vitatu kisiwani, mbalimbali, ili wingu lililofunika hiki lisifunike na kile. Kisha walikaa karibu miezi mitano katika upepo na dhoruba, kwa sababu kuiona Zuhura pekee hakutoshi. Ilibidi wajue hasa kisiwa kiko wapi duniani, longitudo yake kamili, na hilo lilipatikana kwa kuutazama Mwezi usiku baada ya usiku, kila usiku uliokubali. Zuhura ilipita kwa saa chache za asubuhi ya tarehe 9 Desemba. Miezi ile mingine ilikuwa ya kuzifanya saa hizo ziwe na maana. Perry alirudi na vipimo vilivyoingizwa katika hesabu ya Waingereza, na taarifa nzima juu ya hali ya hewa ya Kerguelen.

Huko Nagasaki, Japani, Mfaransa Jules Janssen alikuwa na chombo cha ajabu zaidi: bastola ya picha, bamba la mviringo linalozunguka na kupiga picha 48 kwa sekunde 72, ili kuukamata ule wakati wa tone jeusi hatua kwa hatua. Wanaoandika historia ya sinema huanzia mara nyingi hapo. Wanaopenda filamu kati yetu pengine hawajui kwamba ukoo wake unatokea kwa watu waliotaka kupima umbali wa Jua.

Basi je, shahidi wa kioo alisema nini? Alikigugumiza. Waingereza walipozileta picha zao nyumbani na kuziweka chini ya hadubini, ule ukingo wa Jua uliokuwa wazi kwa macho ukawa kivuli kinachofifia taratibu, na wapimaji wawili hawakukubaliana mstari uwekwe wapi. Hewa ile ile inayotetemeka juu ya barabara ya lami mchana wa joto ilikuwa imetetemeka mbele ya Jua wakati picha zilipopigwa, na kioo kiliandika mtetemo huo kwa uaminifu wote. Kioo hakikudanganya. Kiliandika kila kitu, na kumwachia mwanadamu kazi ile ile aliyodhani ameikimbia, yaani kuamua. Katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Paris mwaka 1881 walishauriana kuiacha picha katika zamu ya 1882, na mataifa mengi ya Ulaya yakafanya hivyo. Wamarekani hawakukubali. Timazi yao na lenzi yao ndefu vilikuwa vimewapa picha zinazopimika, wakaamua kurudia.

Hapa habari inaingia Afrika. Newcomb, kabla ya kwenda Vienna kwenye daftari la Padri Hell, alikuja Afrika Kusini na kikosi chake, akaweka kituo Wellington katika Rasi, ndani ya uwanja wa shule ya wasichana ya Huguenot. Shule hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka 1874, mwaka ule ule wa zamu ya kwanza, kwa juhudi za mchungaji Andrew Murray, ambaye vitabu vyake vya sala vipo bado katika maktaba nyingi za wachungaji wetu, na walimu wake walitoka Marekani. Tarehe 6 Desemba 1882 Zuhura iliingia alasiri, na Jua likazama likiwa nayo. Walimu wa shule nao walitazama. Nguzo za vyombo zimehifadhiwa Wellington kama kumbukumbu. Siku hiyo hiyo, Padri Perry alikuwa Madagaska na Sidgreaves, akiwa ameumwa tena njiani, bila shaka.

Na upande wa pili wa dunia, juu ya mlima Hamilton huko California, David Todd alipata kile ambacho Le Gentil hakupata: anga safi kutoka macheo hadi mwisho. Alipiga mabamba 147. Akayapima, akatuma hesabu, mabamba yakawekwa kabatini. Umbali wa Jua haukumalizwa na mabamba yale wala na mengine. Ulimalizwa kwa njia nyingine, hasa na David Gill, aliyekuwa Mauritius mwaka 1874 kwa ajili ya Zuhura, na ambaye mwaka 1877 alikwenda kisiwa cha Ascension kupima Mirihi. Huko mawingu yalikifunika kituo chake usiku baada ya usiku, mpaka mkewe, Isobel, alipotoka usiku kwa miguu juu ya mawe makali ya volkano na kugundua kwamba upande wa kusini wa kisiwa anga ni jeupe. Wakahamisha kambi nzima. Vipimo bora vya zama zile vilitokana na matembezi hayo ya mama huyo, naye alistahili kibao.

Mabamba ya Todd yalikaa zaidi ya karne moja. Mwaka 2002 wanaastronomia wawili waliyatafuta katika ghala la kituo kile, wakayakuta yote salama, wakayapanga moja baada ya jingine, na Zuhura ya 1882 ikatembea tena mbele ya Jua, hatua 147, kwa macho ya watu waliozaliwa miaka mingi baada yake. Todd alitaka namba. Hakuwahi kuona kwamba ameacha kitu kinachotembea.

Perry hakuacha. Mwaka 1889 alikwenda visiwa vya Salut, pwani ya Guyana ya Ufaransa, kupiga picha za kupatwa kwa Jua tarehe 22 Desemba. Alishikwa na ugonjwa wa kuhara damu akiwa anatengeneza vyombo. Siku yenyewe alisimama kwenye chombo chake, akapiga picha hadi mwisho wa kupatwa, kisha akaanguka na kuchukuliwa melini. Alifariki baharini tarehe 27 Desemba, siku mbili baada ya Krismasi, akazikwa Georgetown, katika nchi iitwayo leo Guyana. Mtu aliyeichukia bahari hivyo, kufia baharini.

Wengi wetu tulikuwapo tarehe 8 Juni 2004. Ilikuwa Jumanne. Zuhura ilipita mbele ya Jua la Afrika Mashariki yote, tangu baada ya saa mbili asubuhi hadi saa nane na zaidi mchana, sisi tukiwa sokoni na shambani na maofisini, wengi bila habari. Tarehe 6 Juni 2012 Jua lilichomoza likiwa nayo tayari, ikaondoka kabla ya saa mbili asubuhi. Itarudi Desemba 2117, na hiyo tuwaandikie wajukuu wa wajukuu, kama Halley alivyoandika.

Lakini Utaridi, sayari iliyo ndani zaidi, hupita mara nyingi zaidi, na itapita mbele ya Jua tarehe 13 Novemba 2032, siku ya Jumamosi, kwetu kuanzia saa tatu na dakika arobaini hivi asubuhi hadi baada ya saa nane mchana. Ni ndogo mno, haionekani bila darubini, na Jua lisitazamwe kamwe kwa macho matupu wala kwa darubini isiyo na kichujio chake mbele ya lenzi. Njia ya Horrocks, karatasi nyeupe nyuma ya darubini na mtu mzima wa kuwazuia watoto wasichungulie, inatosha hadi leo. Shule zetu za kanisa zenye darubini moja zinaweza kulifanya. Novemba ni majira ya vuli, na yeyote anayeijua vuli ya kwetu anajua kwamba asubuhi inaweza kuanza na Jua kali na saa tano ikawa mvua. Vyombo viwekwe mapema, mahali pawili kama inawezekana.